Mstari wa Arobaini na Moja

Ufunguo wa chumba cha kompyuta ninao mimi,
nimeutia kamba ya kiatu, unaning'inia shingoni,
wanafunzi hunitania: mzee wa seva.
Chuo chetu kiko Tabora, upande wa barabara ya Sikonge,
kina hadubini sita, nzima nne,
na harufu ya nta hata kwenye karatasi za mtihani.

Kalunde alirudi kutoka msituni mwezi wa tisa,
miezi mitatu nyuma ya warina asali,
daftari limeshika moshi, jicho la kushoto limevimba.
Alikuwa na mizinga mia mbili na kumi na miwili:
mti gani, mtundu au mninga,
hatua ngapi toka kijito kilichokauka,
latitudo, longitudo, tarakimu tano baada ya nukta.

Elewa jambo hili, wewe usiye wa huku.
Mrina asali hamwonyeshi mkwewe mzinga.
Atampa asali, atampa mbuzi, binti ameshampa,
lakini njia ya mzingani ataizungusha
mpaka jua lenyewe lipotee.
Na hawa walimwonyesha Kalunde
kwa sababu ya karatasi moja yenye mhuri wa chuo:
Jina lako halitatajwa. Mahali pako hapatatajwa.
Bi Nyanzala wa Ipole alitaka isomwe mara mbili,
akachovya dole gumba kwenye wino,
akalikandamiza kama anayeziba tundu.

Sasa nifike kwangu.

Hakuja jasusi. Ningependa kusema alikuja jasusi,
na miwani, na gari la vioo vyeusi.
Printa yetu iliishiwa wino, basi.
Nikatia faili kwenye flashi, flashi mfukoni,
nikaenda stationari ya jirani na stesheni,
kijana akafungua, akachapa, nikalipa elfu tatu na mia tano,
nikarudi na kurasa zangu zingali na joto.
Faili likabaki kule, kwenye kioo cha kompyuta yake,
kati ya wasifu wa watafuta kazi na kadi za harusi,
jina lake MIZINGA MWISHO KABISA 2.

Nani alilichukua, kwa bei gani, sijui.
Labda kwa kreti ya soda.
Labda bure.

Bi Nyanzala alikuja Jumanne, kwa basi la asubuhi.
Hakupiga kelele. Alifungua kanga, akatoa
kipande cha gome chenye alama ya ukoo wao,
mikato miwili na nukta,
kimeungua upande mmoja.
"Kumi na saba," akasema. "Na miti wamekata."
Kisha: "Mlimwambia nani?"
Mkuu wa chuo akazungumzia kamati.
Kalunde akanitazama mimi.
Mimi nikautazama ufunguo.

Tukamtajia fidia. Tukamtajia utaratibu mpya,
kabati la chuma, nywila ya herufi kumi na mbili,
namba badala ya majina, jina la kata tu
pale palipokuwa na mti.
Alisikiliza yote mpaka mwisho, kwa adabu.
"Ni vizuri," akasema. "Na mimi nirudishieni dole langu."

Hatukuwa na fomu ya ombi kama hilo.
Kalunde akavuta jalada, akapekua, akampa karatasi yake.
Alama ilikuwa bado ya buluu.
Mama akaikunja mara nne, akaifunga kwenye pindo
pamoja na nauli.

Usiku ule nilifuta mwenyewe,
hapa, na kwenye nakala, na kwenye nakala ya nakala,
mstari wa arobaini na moja hadi hamsini na saba.
Kompyuta ikaniuliza: Una uhakika?
Siku hizi jedwali huruka kutoka arobaini hadi hamsini na nane,
kama fizi palipong'oka meno,
na mgeni akiuliza pengo lile ni la nini,
Kalunde hamtafutii neno la kitaalamu.
Humwambia: hapo pana mtu.